Njahi za Kutafuna: Loweka, Chemsha, Mwaga Maji

Katika masoko ya Mukuyu na Maragua, njahi hupimwa kwa gorogoro kando ya maharagwe na mahindi, nyeusi tititi, kila punje na mstari wake mweupe. Wanunuzi wengi huwa na mambo mawili akilini: mukimo wa sherehe, au chakula cha mama aliyejifungua, zikipondwa pamoja na ndizi mbivu. Ni wachache wanaowaza kuzitafuna saa nne asubuhi badala ya mandazi, ilhali njahi zina protini na madini ya chuma, na hushibisha kwa muda mrefu.

Zao hili si geni mlimani. Mvua ndefu ya Machi hadi Mei huitwa kwa Kikuyu mvua ya njahi. Wakati wa ukoloni, maharagwe ya kawaida yalipigiwa debe kwa ajili ya soko, na njahi zikasukumwa pembeni.

Kinachowafukuza walaji wengi, hasa vijana, ni uchungu. Uchungu huo una sababu. Mbegu kavu za njahi zina viambato vinavyoweza kutoa sayanidi, na vingine vinavyouzuia mwili kusaga protini vizuri. Maji na moto huvipunguza, mradi mpishi asiharakishe kazi kwa kuogopa gharama ya makaa au gesi.

Chagua kwanza, utoe zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu. Loweka usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, tia mengine, kisha chemsha kwa moto mkali bila kifuniko kwa dakika 15 hivi. Mwaga tena. Wapo wanaosikitika kuona maji yale meusi yakienda, wakidhani nguvu yote iko humo, lakini uchungu nao uko humo. Tia maji ya tatu na upike hadi punje ipondeke kati ya vidole viwili bila kiini kigumu. Njahi za msimu huu huiva upesi kuliko zilizokaa ghalani, kwa hivyo usitegemee saa, tegemea vidole. Magadi hulainisha haraka, ila huharibu sehemu ya vitamini B, na kuloweka hakuna gharama.

Wanaotumia kikapu cha kupikia bila moto wachemshe kwanza kama ilivyoelezwa. Tahadhari hii ni kubwa zaidi kwa maharagwe mekundu: sumu yao ya asili haiishi kwa joto la chini, na punje chache zisizoiva zinaweza kuleta kutapika na kuhara ndani ya saa chache.

Zikiiva, chuja, zipungue maji, kisha zikaushe kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, chumvi na kitunguu. Pilipili ni hiari ya mlaji. Za kumfungia mtoto wa shule ziliwe siku hiyo hiyo.

Jambo moja huwa gumu kukubalika katika kaunti ya majani chai: chai inayonywewa pamoja na njahi huzuia mwili kupata madini ya chuma. Mama mjamzito, au mtu aliyeambiwa ana upungufu wa damu, asubiri saa moja hivi kabla ya kikombe chake. Chungwa au pera, kinyume chake, husaidia.

Jirani zetu wa Gojam, Ethiopia, wana kitafunio kinachodai subira kubwa kuliko hiki. Gibto, aina ya lupini nyeupe, hupikwa kisha hulowekwa siku kadhaa katika maji yanayobadilishwa, au mtoni, mpaka uchungu uishe kabisa, kwa kuwa sumu yake huathiri mishipa ya fahamu. Wamisri hula jamii hiyo hiyo kwa jina la turmus. Lupini za maua, zinazopandwa kupamba bustani, zisionjwe, na watoto waonywe kuhusu maganda yake yanayofanana na ya njegere. Mtu anayedhurika na njugu karanga ajihadhari hata na lupini zilizoandaliwa vyema.

Mkulima anayetaka kupanda njahi maeneo makavu kama Makuyu na Kambiti amwone afisa wa kilimo wa wadi yake kabla ya mvua kuanza. Mzizi wake mrefu huvumilia ukame, na majani yake ni lishe ya ng'ombe.