Kiwanja cha Mjomba na Mlima Unaotazama Ziwa



Leo tunaongelea milima na viwanja. Najua kuna atakayesema, "Frateri, hiyo ni dini au ni mambo ya ardhi?" Subiri kidogo, tutafika.

Siku moja mjomba wangu wa Kigoma alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema kwa furaha, "Frateri, Mungu ametenda! Nimepata kiwanja mlimani, vijiji vya kaskazini huku. Ukisimama pale unaliona ziwa lote mpaka milima ya Kongo. Na bei chee! Ukija likizo uje unibarikie."

Nikamwambia, "Kubariki bado, mjomba, hata ushemasi sijaupata. Ila hongera. Hapo mlimani sasa hivi kuna nini?"

"Hakuna kitu. Msitu tu."

Kiukweli maneno hayo mawili, "msitu tu", yalinikaa kichwani wiki nzima. Somo hili limetoka hapo.

1. Barabara yetu ina macho mawili

Mimi nasoma Tabora. Hapa ndipo misafara kutoka Bagamoyo ilipopumzika kabla ya kuendelea Uvinza na kufika Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, ulipita njia hii. Mkuu wa kundi lililokwenda Tanganyika, Padre Pascal, alifariki njiani kabla ya kufika Tabora. Waliobaki wakagawana hapa: wengine wakaenda Ujiji, wengine wakaelekea Ziwa Victoria hadi Uganda. Imani ya wengi wetu ilikuja kwa miguu, kwa barabara hii.

Lakini barabara hiyohiyo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Mfanyabiashara alimtazama mtu akaona bei, akamtazama tembo akaona pembe. Huko Ujiji na hapa Tabora bado tuna miembe mikubwa, na mtu anayepanda mwembe anajua kivuli chake kitawafaa hata watu asiowajua. Kwa hiyo tumerithi macho mawili: jicho linaloona bei tu, na jicho linaloona wengine watakaokuja. Swali la leo ni hili: ukiutazama mlima ulio kando ya ziwa, unatumia jicho lipi?

2. Mlima una kazi

Kwenye falsafa tulifundishwa kuuliza: kitu hiki kipo kwa ajili gani? Tuulize basi kuhusu ule "msitu tu".

Milima ya pwani ya Kigoma ni mikali, inashuka karibu moja kwa moja ziwani. Udongo wake umeshikwa na mizizi. Mvua ikinyesha, majani yanaipokea, udongo unainywa polepole, na vijito vinaendelea kutiririka hata kiangazi. Sasa kata miti, chonga mteremko upate uwanja wa nyumba, fungua njia ya kupandia. Nyumba ya kwanza haionekani kuwa na madhara. Ikifika ya ishirini, mvua kubwa inashuka na tope, na wa kwanza kulipokea ni jirani anayeishi bondeni, ambaye wala hakununua kiwanja.

Tope haliishii kwake, linaingia ziwani. Ziwa Tanganyika lina aina nyingi sana za samaki ambao hawapatikani popote pengine duniani, na wengi wao hula na kuzaliana kwenye mawe ya karibu na ufukwe. Tope likifunika mawe, wanakosa pa kuishi. Watafiti waliolinganisha sehemu mbalimbali za ziwa miaka ya 1990 walikuta aina chache zaidi za viumbe pale ambapo udongo wa milima iliyofyekwa ulikuwa unaingia kwa wingi.

Kwa hiyo mjomba alikosea kusema hakuna kitu. Mlima ulikuwa kazini siku zote, unalinda nyumba zilizoko chini.

3. Gombe: mlima ulivyorudi

Gombe mnaifahamu, Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe pale mwaka 1960. Ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Ndani ya mpaka miti ilibaki. Nje ya mpaka watu waliongezeka, mashamba na makazi yakapanda milimani, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilima vingi vilikuwa vimebaki vipara.

Mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE. Waliousimamia walitambua kwamba hauwezi kumwambia mtu mwenye njaa aache kulima mlimani halafu ukaondoka zako. Ikabidi wawaulize wanavijiji wanahitaji nini, na majibu yakawa afya, maji, shule, kipato. Baadaye vijiji vikapanga matumizi ya ardhi yao vyenyewe: hapa makazi, hapa mashamba, hapa msitu wa kijiji. Kwenye baadhi ya misitu hiyo visiki vilivyoonekana vimekufa vilichipua tena.

Zingatia hapo, kijana. Mlima ulirudi kwa sababu watu walisikilizwa.

4. Maandiko yanasemaje?

Mwanzo 2:15: Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Kazi ni mbili, huwezi kuchukua moja ukaacha nyingine.

Isaya 5:8: nabii anawaonya wanaounganisha nyumba kwa nyumba na shamba kwa shamba hadi wengine wanakosa nafasi.

1 Wafalme 21: mfalme Ahabu alimpa Nabothi ofa nzuri tu, shamba bora zaidi au fedha taslimu. Nabothi akakataa, kwa sababu ule ulikuwa urithi wa baba zake. Kuna vitu ambavyo hata bei nzuri haiviuzi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba mtu anaweza kumiliki mali, lakini katika kuitumia akumbuke ni kwa ajili ya wote. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, anatuonyesha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini kinasikilizwa pamoja.

5. "Lakini si Yesu alisema tujenge juu ya mwamba?"

Hilo ndilo jibu la mjomba nilipomweleza haya! Nilicheka, kisha nikamjibu, "Mjomba, ule mwamba ni kulisikia neno lake na kulitenda. Na neno lenyewe linasema umpende jirani. Maji ya paa lako yatakwenda kwa nani?"

Akanyamaza. Halafu akasema jambo ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: "Frateri, wewe unalala seminari. Mimi nimepanga chumba miaka kumi na moja. Miti ina watetezi wengi. Mimi nina nani?"

Jamani, tusilikimbie swali hilo. Alikwenda ofisi ya kijiji akaambiwa eneo lile limetengwa kuwa msitu wa kijiji, na aliyekuwa akiuza hakuwa na mamlaka. Mjomba alikuwa ameshatanguliza laki mbili, na hadi leo hajarudishiwa. Mlima umepona, yeye bado anapanga. Ninaamini msitu ule ulistahili kubaki, lakini siwezi kufurahi kama vile hakuna aliyeumia. Ukimtetea mlima, una deni: umtetee pia mtu apate kiwanja kilichopimwa, mahali salama, kwa bei anayoiweza.

6. Tufanye nini?

- Kabla wewe au mzazi wako hamjalipa hata shilingi, ulizeni ofisi ya kijiji au mtaa: eneo hili limepangwa kwa matumizi gani?
- Ukifikisha miaka 18 wewe ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji chako. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano huo. Nenda, usiwaachie wazee peke yao.
- Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Ijue, waeleze wengine.
- Jumuiya ndogondogo na VIWAWA, pandeni miti. Lakini pia ulizeni nani kati yenu hana pa kuishi.

Maswali ya kutafakari

1. Ni mahali gani kwenu watu husema "hakuna kitu, msitu tu"? Panafanya kazi gani?
2. Nani yuko bondeni mwa maamuzi yangu?
3. Ungemjibu nini mjomba?

Tusali: Ee Bwana, uliyeumba mlima na ziwa na mtu anayetafuta pa kulala, tupe macho ya kuona zaidi ya bei. Uwalinde wanaoishi bondeni, na uwapatie makao wasio nayo. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mniombee, nami nawaombea. Na mjomba wangu msimsahau.