Singa za Farasi na Namna ya Kuzitunza

Wenzangu, huenda mkashangaa mtu wa Kafutuma kuandika habari za farasi. Huku kando ya Ziwa Mweru mimi sijapata kumwona hata mmoja, na wengi wetu twalijua jina lake la Kibemba, kabalwe, kwa kulisoma katika Biblia tu. Lakini mnajua kwamba kila mwaka uvuvi hufungwa tangu tarehe 1 Desemba hata mwisho wa Februari, na vijana hutawanyika kutafuta kazi. Mimi nilikwenda Lusaka, nikapata kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, nikakaa miaka mitano. Mwalimu ameniomba niwaeleze jambo moja la kazi ile, nami nimechagua singa, yaani zile nywele ndefu za shingoni.

Kwanza yafaa mjue kwa nini farasi hawako kwetu. Sababu mojawapo ni mbung'o. Babu zetu wa bonde la Luapula na ukingo wa Mweru walihamishwa na serikali ya Kampuni, miaka michache kabla ya Vita Kuu ya kwanza, kwa ajili ya malale ambayo mbung'o huwaletea watu. Wanyama nao huletewa nagana. Daktari David Bruce alionyesha habari hiyo huko Zululand mnamo mwaka 1895. Punda milia huishi na vijidudu hivyo bila taabu kubwa, lakini farasi hudhoofika akafa. Kuna na ugonjwa mwingine tena, nao nitausimulia mbele, kwa maana ndio ulionifundisha faida ya kazi yenyewe.

Basi, singa ni za nini? Huwafukuza inzi shingoni, na maji ya mvua hutiririka juu yake yasiingie ngozini. Farasi wa Kiarabu huachiwa singa zake ndefu, maana watu huuhesabu urefu huo kuwa ni uzuri wake. Farasi wa mchezo wa polo hunyolewa kabisa, kwa sababu singa zingejisokota na hatamu mkononi mwa mpandaji, au zingenaswa na fimbo yake. Na akiisha kunyolewa lazima arudiwe kila baada ya majuma machache, ama sivyo zitasimama kama brashi ya viatu. Farasi wa kuruka viunzi na wa maonyesho hupunguzwa singa zikabaki kama upana wa kiganja, inchi 4 au 5 hivi, zikilala upande mmoja wa shingo. Waingereza hupenda upande wa kuume. Mimi sikuona kwamba farasi mwenyewe anajali.

Sasa kazi. Usimwendee farasi kwa nyuma wala usimjie ghafula. Mwendee kwa upande wa begani kushoto, ukisema naye, umpapase shingo kwanza. Mfunge kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, tena usilifunge kwenye chuma chenyewe cha ukutani bali kwenye kitanzi cha uzi mwembamba kilichotiwa pale. Farasi akishtuka akarudi nyuma, uzi utakatika. Usipokatika, shingo yake ndiyo itakayoumia, au mkono wako.

Kuchana huanza nchani. Shika fungu la singa kwa mkono wa kushoto, chana ncha zake, kisha panda kidogo kidogo hata kwenye shina. Mkono ule wa kushoto ndio unaozuia mvuto usifike ngozini. Dada zetu wanaosukana nywele wanalijua jambo hili kuliko wanaume, nami naona ni ajabu kwamba sikupata kumwona saisi mwanamke pale tulipofanya kazi. Ukifika kwenye singa za paji la uso, usisimame mbele yake; simama kando, maana farasi huinua kichwa ghafula, na kichwa chake ni kizito.

Kupunguza ndiko kwenye ufundi. Mgeni huchukua mkasi akakata msitari mmoja, na farasi hutoka kama mtoto aliyenyolewa kwa kufunikwa bakuli. Mafundi wa zamani hung'oa. Huchukua chanuo dogo la chuma, huzishika singa chache zilizo ndefu kuliko nyingine, za upande wa chini, husukuma zile fupi kwenda juu kwa chanuo, kisha huzizungusha zile ndefu katika meno ya chanuo na kuvuta mara moja kwa nguvu. Ni chache tu kila mara. Kazi hii hufanywa farasi akiisha kutoka mazoezini mwili ukiwa moto, kwa kuwa ngozi huziachilia kwa urahisi, tena hugawanywa kwa siku kadha wa kadha. Zile za juu kabisa haziguswi, kwani zikiota tena husimama wima katikati ya shingo.

Wako wanaosema ati farasi hasikii maumivu hapo. Mimi siwasadiki. Nimewaona wakilaza masikio, wakitupa kichwa, na wengine wakitetemeka kwa kuliona chanuo tu. Kwa farasi wa namna hiyo kuna kisu chenye meno madogo kinachopunguza bila kung'oa, na shingo hutoka nzuri vile vile. Na nywele zile ndefu za mdomoni na kandokando ya macho, ambazo zamani zilinyolewa kwa urembo, siku hizi haziguswi. Kwa nywele hizo farasi hupapasa vitu vilivyo karibu asivyoweza kuviona, na chama cha dunia cha michezo ya farasi kimekataza kuzinyoa tangu tarehe 1 Julai 2021.

Sasa nirudi kwenye ule ugonjwa. Huitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, na huletwa na usubi, vile vidudu vidogo viumavyo jioni na usiku, hasa mvua zinapokaribia kwisha. Katika miaka ya 1854 na 1855 uliwaua farasi wapatao 70,000 huko Rasi ya Tumaini Jema. Kwa ajili yake farasi huchanjwa kila mwaka, na huingizwa bandani kabla jua halijatua. Mwezi wa Machi mmoja nilikuwa namchana farasi jike mwekundu, jina lake Tausi. Kila siku alikuwa akigeuza shingo anisukume kwa pua. Siku ile hakugeuka. Nilitia mkono chini ya singa zake, nikaona moto usio wa kawaida. Nilipozisogeza zile za paji nikaona vile vishimo vilivyo juu ya macho vimejaa, vimevimba kama mkate uliotiwa hamira. Nilimwita msimamizi, naye akampima: joto lilikuwa limepita digrii 40, hali ya kawaida ni 38. Daktari wa wanyama alikuja kabla ya saa nne. Hakuna dawa inayoua ugonjwa huo; aliagiza mnyama apumzike, asitembezwe hata hatua moja, kwa maana moyo umeguswa. Banda la jirani farasi mmoja alikutwa asubuhi ile ile amekufa, povu jeupe limejaa puani. Jioni yake alikuwa amekula vizuri. Tausi alipona, lakini alikaa zaidi ya mwezi bila kutiwa matandiko.

Kila farasi awe na brashi na chanuo vyake, maana choa huhama kwa vyombo.

Singa zilizong'oka hazitupwi zote. Za mkia ni ndefu na ngumu zaidi. Kwa hizo hufanywa nyuta za fidla, na kabla ya nailoni wavuvi wa Ulaya walizisokota kuwa mishipi. Niliporudi nyumbani nilichukua fungu la singa nyeupe, nikasokota sita pamoja, nikatia ndoana. Mshipi ulishika samaki wawili wadogo. Wa tatu alikuwa mkubwa, akaukata, akaenda na ndoana yangu.