Umri wa Lugha na Umri wa Maandishi

Mtahiniwa, usichanganye umri wa lugha na umri wa maandishi yake. Kimatengo kilizungumzwa Mbinga kabla hakijaandikwa. Vivyo hivyo, barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na kuhifadhiwa Goa, India, ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiswahili yaliyosalia; lugha yenyewe ilitangulia. Karatasi huoza na kuliwa na mchwa, hivyo yaliyosalia si lazima yawe ya kwanza.

Tahadhari: Maandishi ya Msikiti wa Kizimkazi, Zanzibar, yana tarehe ya mwaka 1107, lakini lugha yake ni Kiarabu. Hayathibitishi kuwa Kiswahili kiliandikwa wakati huo.

Swali: “Kiswahili kilianza mwaka 1711.” Kanusha kwa hoja mbili.