Amri ya Nne, Amri ya Tano, na Binti Apelekwaye Ng'ambo ya Mpaka

Amri ya Nne na Amri ya Tano hufundishwa kila moja peke yake. Somo hili lazitazama pamoja, kwani kuna jambo linalozigusa zote mbili. Binti ambaye hajatimiza miaka 18 apata mimba. Mtu mwingine amchukua kwa siri hadi nchi jirani ili mimba itolewe, wazazi wasijue. Je, sheria yasemaje? Na wazazi yawapasa nini?

Kwa watu wa Butembo na Beni jambo hili si la mbali. Barabara itokayo Beni hufika Kasindi, na ng'ambo ya mto Lubiriha ni Mpondwe, katika nchi ya Uganda. Wanande wa upande huu na Wakonzo wa upande ule ni ndugu, na husikilizana kwa lugha. Binti avukaye mto pamoja na mtu mzima hawashangazi watu. Huenda anakwenda sokoni, au kumwona shangazi yake.

1. Mabishano ya Marekani

Jambo hili limebishaniwa sana Marekani, na kuyajua mabishano hayo kwasaidia kulifahamu. Nchi hiyo ina majimbo 50, na kila jimbo lina sheria zake. Majimbo mengi yaliamuru kwamba binti mdogo asitolewe mimba kabla wazazi wake hawajaarifiwa, au kabla hawajakubali. Basi wengine waliwavusha mabinti mpaka jimbo jirani lisilo na amri hiyo. Ndipo ukaletwa bungeni mswada wa kumwadhibu amvushaye binti hivyo. Baraza la Wawakilishi liliupitisha mwaka 1998, tena 1999, na 2002, na kwa namna nyingine mwaka 2005. Seneti ilipitisha wake mwaka 2006. Lakini mabaraza hayo mawili hayakuafikiana, na mswada haukuwa sheria. Mwaka 2023 jimbo la Idaho lilitunga sheria yake lenyewe juu ya jambo hilo, na mwaka 2024 mahakama ikaizuia sehemu yake.

Waliotaka sheria walisema: mzazi ndiye ajuaye magonjwa ya mtoto wake, na ndiye atakayemwuguza akirudi anatoka damu. Tena huenda amvushaye ndiye aliyempa mimba, naye ataka kuficha kosa lake. Walioipinga walisema: si kila nyumba ni kimbilio. Yuko baba atakayempiga binti hadi kumwumiza. Tena yuko baba ambaye ndiye mkosaji mwenyewe. Kwa ajili hiyo Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikwisha kusema mwaka 1979 kwamba jimbo likitaka wazazi wakubali, sharti limpe binti njia ya kwenda mbele ya mwamuzi.

Pande zote mbili zilisema neno la kweli juu ya wazazi. Neno hilo lafaa kukumbukwa.

2. Sheria za Kongo na Uganda

Katika nchi hizi mbili sheria haianzi kwa kuuliza kama wazazi wamearifiwa. Huanza na tendo lenyewe.

Sheria ya adhabu ya Kongo, kifungu cha 165, yamwadhibu amtoaye mwanamke mimba kwa kifungo. Na kifungu cha 166 chamwadhibu mwanamke mwenyewe. Lakini Kongo imeingia katika Itifaki ya Maputo, mapatano ya nchi za Afrika juu ya haki za wanawake yaliyofanywa mwaka 2003. Itifaki hiyo ilitangazwa katika Gazeti la Serikali mwezi Machi 2018. Kifungu chake cha 14 chataja hali ambazo mimba yaweza kutolewa kwa njia ya waganga: mwanamke akibakwa, akizini naye ndugu wa damu, au afya yake au uhai wake ukiwa hatarini.

Uganda nayo iliikubali Itifaki hiyo mwaka 2010, lakini ilikataa kufungwa na kifungu hicho. Sheria yake yamtishia atoaye mimba kifungo cha hadi miaka 14, na mwanamke mwenyewe hadi miaka 7. Basi anayemdanganya binti kwamba ng'ambo ya Lubiriha hakuna sheria, amdanganya mara mbili. Ampeleka palipo na adhabu, tena ampeleka kwa watu wa sirini, mbali na mama yake na mbali na hospitali imjuayo.

3. Mafundisho ya Kanisa

Kanisa lafundisha kwamba uhai wa mtu ni wa Mungu tangu kutungwa mimba, na kwamba kuutoa ni kosa zito juu ya Amri ya Tano, hata pale sheria ya nchi isipoadhibu. Lakini Kanisa halimtupi aliyeanguka. Sheria yake haimpi adhabu mtu asiyetimiza miaka 16. Tena mwaka 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote uwezo wa kuwaondolea dhambi hii wanaotubu. Na binti aliyebakwa hana dhambi kwa ubaya aliotendewa. Asiulizwe kama mshitakiwa.

4. Wajibu wa wazazi

Amri ya Nne yawaamuru watoto kuwaheshimu wazazi. Pia yawafunga wazazi, kwani heshima hupewa yule alindaye. Haki ya mzazi ya kuambiwa yafuatana na wajibu wake wa kuwa mtu awezaye kuambiwa. Binti aliyesikia miaka yote, "Ukileta mimba hapa, usirudi," amekwisha kuonyeshwa njia ya Kasindi na wazazi wake mwenyewe.

Basi mzazi ajuapo habari, afanye hivi:

Kwanza, asimpige wala asimfukuze.

Pili, kama binti ametendwa kwa nguvu, ampeleke hospitali siku ile ile. Dawa ya kuzuia ukimwi sharti ianzwe kabla ya masaa 72 kupita.

Tatu, asikubali mbuzi wa kupatanisha. Sheria ya Kongo ya mwaka 2006 yahesabu kumlala mtoto asiyetimiza miaka 18 kuwa ubakaji, hata kama mtoto alisema ndiyo. Na faini haifuti kesi. Tena mzazi amwozaye mtoto huyo kwa nguvu aingia yeye mwenyewe katika kosa.

Nne, amlee binti pamoja na mimba yake, na mtoto azaliwapo awe mjukuu wa nyumba. Kumkataza binti asitoe mimba, kisha kumnyima chakula na shule, ni kushika nusu ya amri.

Tena yafaa kukumbuka kwamba tangu Oktoba 2014 mauaji ya Beni yamewatawanya watu wengi, na mabinti wengi wanaishi kwa shangazi, kwa bibi, au kwa jirani. Kwao hao, aliyewapokea ndiye ashikaye wajibu wa mzazi. Na kama hatari imo nyumbani mle mle, binti amwendee ndugu mwingine aaminiwaye, au padre, au sista, au mwalimu, au polisi wa kulinda watoto. Mtu huyo asimfiche mpakani, bali amfikishe kwa mwamuzi na kwa mganga.

Maswali ya kujibu

1. Kwa nini Marekani wengine walitaka wazazi waarifiwe, na wengine wakakataa?
2. Sheria ya Kongo na ya Uganda zatofautianaje juu ya Itifaki ya Maputo?
3. Kwa nini mbuzi wa kupatanisha si haki?
4. Amri ya Nne yawafungaje wazazi?
5. Katika kijiji chako, binti aliye katika shida hii angemwendea nani kwanza? Kama si wazazi wake, ni kwa sababu gani?