Profesa Apimaye Mipira

Watoto wa Dilala na Manika, katika mji wa Kolwezi, hutengeneza mpira kwa mifuko ya plastiki na kamba. Mpira huo mara nyingi huenda usikotazamiwa. Je, ule wa dukani hauna kasoro? Unayo, na wapo watu ambao kazi yao ni kuitafuta.

Mmoja wao ni Takeshi Asai, profesa wa Ujapani. Mwaka 1997, huko Lyon, Ufaransa, Roberto Carlos wa Brazil alipiga mpira wa adhabu. Mpira ulipita nje ya ukuta wa wachezaji, kisha ukapinda, ukaingia golini. Golikipa alisimama tu! Mwaka uliofuata Asai, pamoja na Takao Akatsuka na Mwingereza Steve Haake, walieleza sababu yake. Mpira ukipigwa pembeni huzunguka. Hewa hupita upande mmoja kwa kasi kuliko upande wa pili, nao husukumwa kando.

Baadaye Asai alifundisha katika Chuo Kikuu cha Tsukuba. Huko mpira hushikwa na fimbo ya chuma mbele ya feni kubwa, na kipimo huonyesha nguvu ya hewa inayousukuma. Iko pia mashine ya kupiga mpira, maana mguu wa mtu, hata wa bingwa, haupigi mara mbili sawasawa.

Katika Kombe la Dunia la mwaka 2010, Afrika Kusini, mpira ulioitwa Jabulani uliwaudhi magolikipa. Uliyumba hewani. Ulikuwa na vipande 8, vilivyounganishwa kwa joto bila kushonwa, nao ulikuwa laini mno. Mpira wa mwaka 2014, Brazuca, ulikuwa na vipande 6 tu, lakini kingo zake zilipindapinda. Kwa hiyo viungo vyake vilikuwa na urefu wa sentimeta 327. Vya Jabulani vilikuwa 203. Viungo ni kama mifereji midogo: huivuruga hewa iliyogusa mpira, nayo hewa hiyo haiuachi mpira upesi. Asai na mwenzake Sungchan Hong waliupima Brazuca, wakaona unakwenda kwa utulivu zaidi.

Hata mahali pana nguvu. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mchezaji wa Kolwezi akienda Matadi, mji ulio chini zaidi, ataona mpira uleule, uliopigwa vilevile, unaanguka mapema.

Maswali
1. Kwa nini Asai alitumia mashine ya kupiga mpira?
2. Brazuca ulikuwa na vipande vichache. Kwa nini viungo vyake vilikuwa virefu?
3. Mpira huenda mbali zaidi wapi, Kolwezi au Matadi? Elezeni sababu.