Spika Gani kwa Sebule Gani

Waulize wapenzi wa muziki waliobobea, watakutajia majina yale yale: LS3/5A ya BBC, Quad ya Peter Walker, Klipschorn, AR-3, Yamaha NS-10 zenye koni nyeupe, na siku hizi KEF LS50. Wanaweza kubishana hadi alfajiri ipi ni bora. Kinachosahaulika katika ubishi huo ni kwamba kila spika ilibuniwa kwa chumba cha aina fulani, na kwa msikilizaji aliyekaa mahali fulani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza jina wala bei, chukua futi kamba upime sebule yako.

Tuanze na ile ndogo. LS3/5A ni kazi ya wahandisi wa BBC katika miaka ya 1970. Walitaka spika ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo ya nje, ambamo fundi mitambo hukaa amebanwa kati ya mashine na ukuta na kabati kubwa halina pa kukaa. Wakaunda boksi lenye urefu wa sentimita 30 hivi na kulipa kazi moja iliyo ngumu kuliko zote: sauti ya mtangazaji isikike kama anazungumza humo ndani. Ndiyo maana hadi leo wanaoipenda wanaisifia kwa sauti za waimbaji. Besi ya chini kabisa haina. Tena ni nzito kuiendesha: ukiipa wati 1, kwa umbali wa mita 1 inatoa desibeli 82 au 83 tu. Katika chumba cha mita 3 kwa 3.5, ukiwa umeikaribia, ni raha tupu. Ukiipeleka kwenye shughuli ya ndoa utaaibika.

Klipschorn iko upande wa pili kabisa. Paul Klipsch wa mji wa Hope, Arkansas, aliianzisha mwaka 1946. Ndani ya kabati lake kuna baragumu lililokunjwakunjwa, na kuta mbili za kona ya chumba ndizo zinazomalizia mdomo wa baragumu hilo. Wati 1 tu inatoa desibeli 105 hivi. Ukikumbuka kwamba kila nyongeza ya desibeli 3 hudai umeme mara mbili, utaona kuwa amplifaya ya wati 1 kwenye Klipschorn inafanya kazi ambayo kwenye LS3/5A ingehitaji wati zaidi ya 150. Sasa tazama kona za sebule yako. Nyumba zetu nyingi zina mlango kona moja na dirisha kubwa kona ya pili, na katikati yake pamesimama friji. Bila kona mbili safi upande mmoja wa chumba, Klipschorn ni kabati la gharama kubwa.

Quad ya mwaka 1957 haina koni wala boksi. Utando mwembamba sana unavutwa na kusukumwa kwa umeme wa volti nyingi, na sauti inatoka mbele na nyuma kwa pamoja. Walioisikia hawaisahau, violini na sauti ya mwanamke hutoka bila ile harufu ya mbao tunayoizoea kwenye maboksi. Lakini ukiibandika ukutani umeiua, kwa kuwa sauti ya nyuma inagonga ukuta na kurudi kuvuruga ya mbele. Inataka walau mita 1 ya nafasi nyuma yake, zaidi ikiwezekana. Halafu haipatani na unyevu wala vumbi, kwa hiyo mtu wa Tanga, Lamu au Unguja anayelala madirisha wazi afikirie mara mbili.

Edgar Villchur, naye Mmarekani, alikuwa na shida inayofanana na ya watu wa nyumba za kupanga. Mwaka 1954 kampuni yake ya Acoustic Research ilitoa AR-1, spika iliyotumia hewa iliyofungiwa ndani ya boksi kama springi ya koni. Kabla ya hapo, aliyetaka besi ya chini alilazimika kuweka kabati la ukubwa wa friji. Baada ya hapo boksi la kukaa kwenye rafu lilitosha. AR-3 iliyoifuata ilirithi mbinu hiyo. Kama spika zako lazima zikae kwenye rafu au zigusane na ukuta, tafuta boksi lililozibwa kama hizo, lisilo na tundu la kupumulia nyuma.

Yamaha NS-10 nayo ilitoka mwaka 1978 kama spika ya nyumbani, na wanunuzi hawakuichangamkia. Waliokuja kuikumbatia ni mafundi wa studio, walioiweka juu ya meza ya kuchanganyia sauti, mita 1 tu kutoka masikioni. Ilikuwa kali kiasi kwamba baadhi yao walifunika spika ndogo ya juu kwa karatasi ya chooni. Kwa maoni yangu haifai kwa mtu anayetaka kupumzika na muziki jioni. Umaarufu wake ni wa kazini. KEF LS50 ya mwaka 2012 ina spika ya sauti nyembamba katikati kabisa ya ile ya sauti nene, hivyo sauti zote hutoka sehemu moja na haikusumbui hata ukikaa karibu nayo. Chumba kidogo kinaipenda.

Haya, tuje kwenye sebule yenyewe. Mawimbi ya besi ni marefu, na kila chumba kina besi zake kinazozipenda. Chukua mwendo wa sauti hewani, mita 343 kwa sekunde, gawa kwa urefu wa chumba mara mbili. Chumba cha mita 4 kitavimbisha sauti yenye mitetemo 43 hivi kwa sekunde. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi hupiga mitetemo 41, kwa hiyo chumba hicho kitakuwa kinaguruma kila mpiga besi anaposhuka chini, huku noti za jirani zikisikika kawaida. Kikiwa cha mraba, mita 4 kwa 4, tatizo linakuwa mara mbili kwa sababu kuta zote nne zinavimbisha noti ile ile. Hakuna spika inayotibu hilo. Kinachosaidia ni kusogeza kiti: usikae katikati kabisa ya chumba, ambako besi hiyo hupotea, wala usiegemeze kiti ukutani, ambako hurundikana. Kwenye chumba cha mita 4 jaribu kukaa mita 1.3 au 1.5 kutoka ukuta wa nyuma yako.

Kupanga spika kunachukua jioni moja na hakugharimu kitu. Ziweke umbali wa mita 2 hivi kati yake, nawe ukae mita 2 na kitu kutoka kila moja, muwe kama ncha tatu za jiko la mafiga. Spika ndogo ya juu ilingane na masikio yako ukiwa umekaa; kwa watu wengi kwenye kochi la kawaida ni sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni. Pima kila upande uwe sawa, maana spika moja ikiwa imebanwa na kabati la vyombo na nyingine inatazama korido, mwimbaji atahamia upande mmoja. Kisha cheza sauti ya mtu mmoja, hata taarifa ya habari, ukiwa umeweka mono. Inatakiwa isimame katikati ya spika mbili, hewani, utadhani kuna spika ya tatu. Ikiwa imetawanyika huku na huku na besi imekauka, karibu hakika umepishanisha nyaya: nyekundu ya spika moja imeingia kwenye nyeusi. Geuza upande mmoja tu, usikilize tena.

Baada ya hapo cheza na umbali wa ukuta wa nyuma. Kila unavyoisogeza spika karibu na ukuta besi inaongezeka, na konani zaidi. Sogeza sentimita 10 kwa wakati, ukirudia kipande kile kile, hadi besi inenepe bila kufunika maneno ya wimbo. Spika yenye tundu nyuma ikiwa bado inaguruma, sokota soksi ulizibe. Si utani, baadhi ya watengenezaji huweka kizibo cha sponji ndani ya boksi kwa kazi hiyo hiyo.

Kuta za matofali ya saruji, sakafu ya vigae na dari ya jipsamu hurudisha sauti nyembamba zote. Piga kofi moja ukiwa chumbani. Ukisikia mlio unaotetema kama chuma, hapo ndipo penye kazi. Zulia nene kati yako na spika, mapazia mazito ya kukunjwa, kochi la kitambaa na kabati la vitabu vinatosha kwa nyumba nyingi. Mkeka na kanga havifanyi lolote la maana. Na zile trei za mayai ambazo vijana wanabandika kwenye studio za uani, ziacheni: hazizuii besi, hazizuii kelele kwenda kwa jirani, na moto ukizigusa hazichelewi.

Dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, utakutana na sabufa iliyoandikwa wati elfu kadhaa PMPO. Herufi hizo hazina maana yoyote kwako. Mwambie muuzaji, "Kaka, naomba niigeuze," halafu soma kibandiko cha nyuma kinachosema mashine inakula wati ngapi za umeme. Kama inakula wati 60, haiwezi kutoa elfu kadhaa kwa muda wa kumaliza wimbo. Tafuta neno RMS, yaani wati inazoweza kuzitoa mfululizo, kwenye karatasi zake, na desibeli zake kwa wati 1. Kwa sebule ya kawaida, spika ya desibeli 88 hivi na amplifaya halisi ya wati 40 ni zaidi ya mahitaji.

Ukijaribu spika mbili, fahamu jambo ambalo Floyd Toole alilifanyia kazi miaka mingi, kwanza kwenye Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, baadaye kwenye kampuni ya Harman. Aliwasikilizisha watu spika zilizofichwa nyuma ya pazia. Wasikilizaji wengi walielewana kwa kiasi kikubwa: walichagua zile zinazotoa sauti zote kwa uwiano, bila kuvimbisha besi wala kunoa juu. Pazia lilipoondolewa, jina na ukubwa wa boksi vikaanza kuamua kwa niaba ya masikio. Kwa hiyo geuka, zitazame rafu za upande wa pili, mwambie muuzaji abadilishe bila kukuambia ipi ni ipi. Sauti iwe kiwango kimoja, kwani inayopiga juu kidogo tu daima huonekana tamu zaidi, na wauzaji wanalijua hilo. Nenda na nyimbo zako, si za dukani, wala zile zilizopita WhatsApp mara tano. Taarab ya zamani yenye kanuni, violini kadhaa, besi kubwa na mwimbaji ni mtihani mzuri kuliko muziki wa kompyuta: kila chombo unakijua kilivyo, na spika mbovu itazigeuza violini kuwa chungu ya sauti moja.

Wengi wetu majina makubwa tutayapata yakiwa mtumba. Hapo kagua ukingo wa koni. Ukiwa wa sponji, bonyeza kwa kidole taratibu: joto na unyevu wa pwani huumaliza, na mara nyingi unabomoka kama keki iliyokauka. Si mwisho wa dunia. Fundi anayeaminika anabadilisha ukingo. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Kisha weka vidole vitano kuizunguka koni karibu na kati, isukume ndani polepole na kwa usawa. Ikikwaruza, koili imehama au imeungua. Kwa mita ya umeme, spika ya ohm 8 husoma kama 6. Isiposoma kitu, waya umekatika ndani. Sikiliza kila spika ndogo ya juu kwa kuisogezea sikio, sauti ikiwa chini, kwa sababu ndizo za kwanza kuungua, na mara nyingi kinachoziunguza ni amplifaya dhaifu iliyofunguliwa hadi mwisho. Mwisho kagua mbao chini ya boksi. Ubao wa unga wa mbao uliowahi kunywa maji huvimba na kufunguka kwenye maungio, na boksi linalovuja hewa halitoi tena besi iliyokusudiwa, hata kama spika zenyewe ni nzima.

Waya usikusumbue. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule wa kufungia soketi za nyumba, unatosha kwa mita 5 bila wasiwasi. Pesa uliyotaka kununulia waya wa dhahabu inunue stendi mbili nzito au zulia.