Mkono Mlegevu: Somo kwa Wapiga Ngoma na Wanaowatibu

Mpiga ngoma afikapo kliniki akilalamikia kifundo cha mkono, aghalabu huambiwa apumzike na hupewa dawa ya kutuliza maumivu. Ushauri huo si mbaya, ila umeliacha swali la msingi: anapigaje? Akirudi ngomani na mkono uleule uliokakamaa, maumivu nayo yatarudi.

Misuli ya mkono hufanya kazi kwa kupokezana. Ya upande wa kiganja hukunja kifundo na vidole. Ya upande wa pili huvikunjua. Mpigaji mtulivu hukaza kundi moja huku jingine limelegea. Mwenye hofu, au anayeshindana na vipaza sauti, hukaza yote mawili kwa pamoja. Misuli ikavutana yenyewe kwa yenyewe, damu ikapita ndani yake kwa shida, uchovu ukawahi. Kano nazo husuguana na vifuko vinavyozizunguka, zikavimba. Uvimbe ukitokea katika njia nyembamba ya kifundo, hubana neva inayohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Ganzi ya vidole hivyo, hasa inayomwamsha mtu usiku, isipuuzwe.

Ngozi iliyowambwa vizuri huurudisha mkono juu yenyewe. Kazi ya mpigaji ni kuuacha uzito wa mkono ushuke kutoka begani, kiganja kiguse ngozi na kuondoka papo hapo. Anayetumia mikwiro aishike baina ya gumba na kidole cha shahada, vidole vingine viizunguke bila kuibana. Mwenzake akiuvuta mkwiro, utoke bila kupigania. Ngozi iliyolegea kwa unyevu haina msaada huo, humlazimisha mtu kutumia nguvu. Kuianika ngoma juani au kuipasha moto kabla ya kuanza ni jambo la sauti, na ni jambo la afya pia.

Hata hivyo hakuna mkao mmoja unaowafaa wote. Wanawake wa Kigogo huibana ngoma ya muheme kwa mapaja. Mpiga dumbaki wa taarabu hukilaza chombo pajani, na vidole ndivyo vinavyobeba kazi kubwa. Hata katika ngoma moja, mwenye vidole virefu hatapiga sawa na mwenye vifupi. Mwalimu anayemtaka mwanafunzi anakili mkono wake humrithisha hata kasoro zake. Afadhali amfundishe kujikagua akipiga polepole: je, taya limekaza? Mabega yamepanda? Pumzi imezuiwa?

Ipo dalili moja inayowatisha wagonjwa na kuwababaisha wahudumu: mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawia baada ya kupiga kwa viganja kwa saa nyingi. Mapigo makali huvunja chembe nyekundu za damu zinazopita katika mishipa midogo ya kiganja. Himoglobini iliyomo humwagika katika damu, hupita kwenye figo, na kutokea mkojoni. Kijiti cha kupimia mkojo huonyesha damu, lakini chini ya hadubini chembe zenyewe hazionekani, au ni chache mno. Kichocho cha mkojo huonyesha chembe hizo, na mara nyingi mayai ya vimelea. Malaria kali nayo yaweza kuutia mkojo weusi, na misuli iliyoumia sana hutoa protini inayokibadili kijiti vivyo hivyo. Kwa hiyo vipimo hivyo visiachwe kwa sababu mgonjwa ni mpiga ngoma. Kinachoongezwa ni swali moja tu, kwamba jana na juzi alikuwa akifanya nini kwa mikono yake.

Ikiwa ngoma ndiyo chanzo, kwa kawaida mkojo husafika ndani ya siku chache kwa kupumzika na kunywa maji ya kutosha. Usiposafika, ukipungua, au ikiwapo homa au maumivu makali ya misuli, mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia. Anaporejea ngomani aanze kwa dakika chache, kwa sauti ya chini, na autazame mkojo wa asubuhi inayofuata kabla ya kukubali mkesha mwingine.